Umealikwa kambi ya kulungu na watoto? Uliza haya jioni, kabla ya siku ya kwanza ya msimu

Swali la wiki hii limetoka mbali. Mama mmoja kutoka Kongo, ambaye sasa anaishi na familia yake Grand Rapids, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, anaeleza kwamba mume wake amealikwa na mfanyakazi mwenzake kwenda kambi ya kuwinda kulungu. Mwaliko ni wa familia nzima. Watoto ni wawili, wa kiume ana miaka 11 na wa kike ana miaka sita, na wameshaanza kuhesabu siku. Mama mwenyewe halali. Anauliza kama ni salama kumpeleka mtoto wa miaka sita mahali ambapo kila mtu mzima ana bunduki, na kama anaweza kukataa bila kumvunjia heshima mtu aliyewapokea vizuri tangu walipofika.

Jibu langu fupi ni hili: nendeni. Lakini fikeni mapema, jua likiwa bado lipo, na ulizeni maswali kabla mabegi hayajafunguliwa.

Jibu refu linafuata hapa chini. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili sasa zinaishi katika majimbo ambako uwindaji wa kulungu ni sehemu ya maisha. Na wewe unayesoma ukiwa Njombe au Limuru usiondoke, kwa sababu hatari moja kubwa ya kambi hiyo unaweza kuwa nayo chumbani kwako usiku wa leo.

KAMBI HII NI YA NAMNA GANI?

Kulungu anayezungumzwa hapa si yule wa vichaka vyetu. Ni mnyama wa jamii ya ayala, yule anayetajwa kwenye Zaburi. Dume huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka, na mkia wake ni mweupe upande wa chini.

Michigan, msimu wa kumwinda kwa bunduki hufunguliwa tarehe 15 Novemba kila mwaka, iwe Jumapili au Jumanne, na hufungwa tarehe 30. Wisconsin hufungua Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, msimu wa siku tisa. Pennsylvania sasa hufungua Jumamosi baada ya sikukuu hiyo. Katika maeneo fulani ya majimbo hayo, shule hufungwa siku ya kwanza ya msimu kwa sababu wanafunzi wangekuwa porini hata hivyo.

Kambi yenyewe mara nyingi si hema. Ni kibanda cha mbao msituni, pengine kilichojengwa na babu, ambacho hukaa kimefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Siku moja au mbili kabla ya msimu, watu huanza kufika: ndugu, mabinamu, majirani, wenzao wa kiwandani. Wanawasha jiko la kuni, wanagawana vitanda, wanapika sufuria kubwa ya maharage na nyama. Michigan ya kaskazini utakuta pia andazi la kuoka lililojazwa nyama na viazi, linaloitwa pasty, kama sambusa kubwa iliyokosa pilipili. Usiku wanacheza karata na kusimulia yule kulungu aliyewaponyoka miaka 20 iliyopita. Wapo wanaorudi kila mwaka hata kama hawajapiga mnyama kwa misimu mitano.

Kwa hiyo ukialikwa huko, ujue hukualikwa kuangalia wanyama. Umeingizwa kwenye familia ya mtu. Ndiyo maana kukataa kunauma, na ndiyo maana sishauri kukataa kwa haraka.

KWA NINI JIONI NDIYO MUHIMU

Wazazi wengi huogopa asubuhi, wakati risasi zinalia. Asubuhi, hata hivyo, kila mtu yuko makini. Amevaa rangi inayoonekana, anajua bunduki yake ina risasi, na ana mtutu wa kuchunga.

Jioni ya kuamkia msimu ni tofauti. Watu wamechoka na safari, wamefurahi kuonana, baadhi wameshika bia. Bunduki zimetoka kwenye magari na zimeegemezwa ukutani. Jiko ambalo halijawashwa kwa miezi kadhaa linawashwa, na milango inafungwa kwa sababu ya baridi. Watoto wanazunguka katika nyumba wasiyoifahamu, kila mtu akidhani kuna mtu mwingine anayewaangalia. Ni saa hizo tatu au nne za kufika na kutulia ambazo mzazi anapaswa kuzifanyia kazi. Yakipangwa vizuri kabla watoto hawajalala, siku zinazofuata huwa nyepesi.

SWALI LA KWANZA: BUNDUKI ZINALALA WAPI?

Kwa mzazi aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, au mjini Tanzania, ambako bunduki aliiona mikononi mwa mlinzi wa benki tu, swali hili linaona haya kutoka mdomoni. Mgeni anaulizaje mwenyeji silaha zake ziko wapi? Si kama kumwambia humwamini?

Kwa Wamarekani si tusi. Chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo, American Academy of Pediatrics, kimekuwa kikiwahimiza wazazi kuuliza swali hilo hilo kabla ya kumwacha mtoto acheze au alale kwenye nyumba ya mtu mwingine. Liulize kama unavyouliza habari ya mzio wa karanga, kwa sauti ya kawaida. Unaweza kusema: "Watoto wangu hawajawahi kukaa nyumba yenye bunduki na wanagusa kila kitu. Usiku huwa mnazifungia wapi, na risasi mnaziweka wapi?"

Jibu unalotaka kusikia lina mambo matatu. Bunduki hazina risasi zikiwa ndani ya nyumba. Zimefungiwa kwenye kabati au sanduku lenye kufuli. Risasi ziko mahali pengine, nazo zimefungiwa.

Michigan hili si ombi la mgeni tu. Tangu tarehe 13 Februari 2024, sheria ya jimbo inataka bunduki isiyo na mtu wa kuiangalia, mahali ambapo mtoto anaweza kuwepo, ifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli, au isiwe na risasi na ifungwe kwa kufuli lake. Mwenyeji wako huenda analijua hilo kuliko wewe. Kama kibanda hakina kabati, gari lililofungwa linaweza kuwa na sanduku, na kufuli la waya la kupitisha kwenye bunduki ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni.

Watoto nao waambiwe jioni hiyo hiyo, wakiwa wamekaa: ukiona bunduki au risasi, usiguse, ondoka hapo, mwambie mtu mzima. Hata hivyo, usiegemee maneno hayo peke yake. Madaktari wa watoto wanasisitiza kwamba mtoto aliyefundishwa asiguse bado anaweza kugusa akiwa peke yake au akiwa na wenzake. Kinachomlinda ni kufuli.

Na pombe? Sema na mume au mke wako kabla hamjaondoka nyumbani. Bunduki zikishafungiwa, anayetaka bia yake anywe. Anayeshika bunduki asinywe. Na kati yenu wawili, mmoja asiguse kabisa usiku huo, ili kuwe na mtu wa kuendesha gari mkipata dharura.

SWALI LA PILI: JIKO LINATOA MOSHI WAPI?

Hapa ndipo msomaji wa nyumbani asogee karibu. Kila msimu wa baridi kwetu tunasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na haikuamka. Muuaji ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayotoka pale mkaa, kuni, gesi ya kupikia au petroli inapoungua bila hewa ya kutosha. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembechembe zinazobeba oksijeni kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida.

Nchini Marekani, nchi yenye vifaa vingi vya kuitambua gesi hii, bado zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa kuivuta bila kukusudia, achilia mbali wanaokufa kwa moto wenyewe.

Kibanda cha kuwindia kina kila kinachohitajika ili balaa hilo litokee. Bomba la moshi limekaa miezi bila kutumika, na ndege au panya wanaweza kuwa wamejenga kiota ndani. Kuna hita ya gesi ya mtungi, ambayo baadhi zimetengenezwa kwa matumizi ya nje tu. Kuna jenereta. Na watu wameziba kila tundu wasipigwe na baridi.

Kabla giza halijaingia, muulize mwenyeji kama bomba limesafishwa mwaka huu. Angalia jiko likiwashwa: moshi ukirudi ndani, lizimwe hadi bomba likaguliwe. Jenereta ikae nje, zaidi ya mita sita kutoka kwenye nyumba, na moshi wake usielekee dirishani wala mlangoni. Jiko la kuchomea nyama la mkaa lisiingizwe ndani hata likionekana limezimika. Hita ya gesi izimwe watu wanapolala.

Halafu nunua kifaa kinacholia gesi hiyo ikizidi, kile kinachotumia betri. Huko hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kijaribu kwa kubonyeza kitufe chake, kisha kiweke karibu na wanapolala watoto. Kukifika nacho si kumdharau mwenyeji. Mwachie kama zawadi mnapoondoka.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ndiyo maana watu huzidhania mafua au pombe ya jana. Dokezo kubwa ni hili: watu kadhaa wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Ukiona hivyo, toa kila mtu nje kwanza, hata kama kuna baridi ya kuuma, ndipo upige simu ya dharura 911.

Na wewe wa Njombe, Mbeya au Limuru: kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya uhakika. Jiko la mkaa libaki nje ya chumba cha kulala. Ota moto kabla ya kulala, kisha litoe.

NGUO: PAMBA IBAKI NYUMBANI

Katikati ya Novemba, usiku wa Michigan mara nyingi hushuka hadi sifuri au chini yake, na theluji si ajabu. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na akiwa katika michezo hasemi kwamba ana baridi hadi anapoanza kutetemeka.

Tatizo ni nguo za pamba, kama jinzi na fulana za kawaida. Zikilowa kwa jasho au theluji hukaa zimelowa na kuunyonya mwili joto. Mvalishe nguo kwa tabaka: ya ndani iwe ya sufu au kitambaa cha kinasayansi kinachokauka upesi, ya katikati iwe nene, ya juu izuie upepo na maji. Soksi ziwe jozi mbili au tatu kwenye begi, si jozi mbili kwa pamoja ndani ya kiatu. Kiatu kikibana, damu haipiti vizuri na vidole vinaganda mapema.

Mtoto akianza kutetemeka sana, kuongea kama mlevi au kuwa mzito wa kuamka, mwingize ndani, mvue vilivyolowa, mfunike, mpe kinywaji cha moto kama anaweza kumeza, na tafuta msaada wa matibabu.

RANGI YA MACHUNGWA NI YA KILA MTU

Vazi muhimu kuliko yote ni kizibao cha rangi ya machungwa inayong'aa, kama kile cha bodaboda na mafundi wa barabara. Michigan wawindaji wengi hulazimika kuvaa rangi hiyo msimu wa bunduki, na ionekane pande zote. Wisconsin angalau nusu ya nguo za nje juu ya kiuno lazima iwe ya machungwa, na tangu mwaka 2016 hata waridi inayong'aa inakubalika.

Wageni wengi hudhani sheria hiyo inawahusu wenye bunduki tu, kwa hiyo wao hawahitaji. Mimi nakuambia mzazi: asubuhi ya siku ya kwanza, mtoto anayetoka kwenda chooni nje avae kizibao na kofia ya rangi hiyo. Anayekwenda kuokota kuni avae. Mbwa avalishwe. Kulungu haioni rangi hiyo kama sisi tunavyoiona, kwa hiyo hamwaharibii watu uwindaji wao.

Epuka kumvalisha mtoto kofia au glavu nyeupe. Mweupe ndio rangi ya mkia anaoutafuta mwindaji.

Vizibao vitundikwe mlangoni usiku, vikiwa vimehesabiwa, ili asubuhi gizani asiwepo wa kukosa.

NGAZI YA MTINI

Ukiwauliza wawindaji wenyewe kinachowaumiza vibaya, wengi hawatasema risasi. Watasema kuanguka. Mwindaji wa kulungu mara nyingi hukaa kwenye kijukwaa kilichofungwa juu ya mti, mita tano au zaidi kutoka ardhini, na kuanguka kutoka humo ni kati ya sababu kuu za majeraha makubwa na kupooza.

Kwa mtoto wa miaka 11, kijukwaa hicho ni mwembe mpya wa kupanda. Mwambieni jioni kwamba hapandi bila mtu mzima na bila mkanda wa usalama unaoshika mwili mzima, uliofungwa kwenye mti tangu mguu unapoacha ardhi. Baba naye, akikaribishwa kupanda, asione aibu kuuomba mkanda. Bunduki haipandi na mtu. Huvutwa kwa kamba baadaye, ikiwa haina risasi.

Kama kijana anatamani kuwinda, mwaka wa kwanza aangalie tu. Michigan, mtu aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1960 anapaswa kupitia mafunzo ya usalama kabla ya kupata leseni ya kawaida, na Wisconsin ni kwa waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973. Mafunzo hayo yanafaa hata kwa mama asiyekusudia kushika bunduki maisha yake yote, kwa sababu humfundisha kutambua mtu mzembe.

KUPE HAWALALI NOVEMBA

Watu hudhani baridi imewamaliza. Kupe wa miguu myeusi, anayeeneza ugonjwa wa Lyme, huendelea kutafuta damu siku yoyote ya vuli ambayo hali ya hewa haijaganda. Jike akiwa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta.

Kila jioni wakague watoto: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti. Ukimkuta, mkamate karibu kabisa na ngozi kwa kibanio chembamba cha nyusi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha, kisha osha kwa sabuni na maji. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Kwa kawaida kupe huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, kwa hiyo ukaguzi wa kila jioni hupunguza sana hatari. Nguo zikirudi nyumbani ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali dakika 10.

Kati ya siku tatu na 30 baadaye, ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi, wakati mwingine kama duara ndani ya duara, au homa na viungo kuuma, mwambie daktari kwamba mtoto alikuwa msituni. Ugonjwa huu hutibika kwa antibiotiki, na ukiwahiwa ni rahisi zaidi.

NYAMA MTAKAYOPEWA

Siku ya kuondoka huenda mkapewa paja zima. Pokeeni, lakini kuna mambo ya kujua.

La kwanza ni ugonjwa wa kulungu unaowakondesha hadi kufa, ulioanza kutambuliwa Colorado mwaka 1967. Uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002, na kwa kulungu wa porini Michigan mwaka 2015. Hakuna mtu anayejulikana kuupata kwa kula nyama. Hata hivyo, kinachouleta ni protini isiyokufa kwa kuchemshwa, na mamlaka za afya zinashauri nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe. Muulize mwenyeji kama eneo lao lina ugonjwa huo na kama mnyama amepelekwa kupimwa. Kwetu tunapenda supu ya kichwa. Ya huyu acheni, pamoja na ubongo na uti wa mgongo.

La pili ni risasi, na hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu kitu kinachofyatuliwa na madini yanayokitengeneza tunayaita kwa jina moja. Risasi ya madini hayo ikigonga mfupa hutawanya vipande vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2008, North Dakota na Minnesota vipande hivyo vilikutwa kwenye nyama ya kulungu iliyotolewa msaada kwa wenye uhitaji. Kwa mtoto na mjamzito hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua. Ombeni sehemu iliyo mbali na jeraha, na kama mwenyeji anatumia risasi za shaba, vizuri zaidi.

La tatu ni jikoni: nyama ikae kwenye baridi ya nyuzi 4 au chini, na ya kusaga iive hadi nyuzi 71 ndani.

Familia ya Kiislamu izungumze mapema. Asubuhi ya kambini mara nyingi hunukia nyama ya nguruwe ya kukaanga, na mwenyeji atafurahi kuambiwa kabla kuliko kuona sahani imerudi. Mnyama mwenyewe na namna alivyouawa, muulizeni shehe au mwalimu wenu kabla ya safari.

MLIO WA BUNDUKI NA KUMBUKUMBU

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo ambalo mwenyeji hawezi kulijua usipomwambia.

Sheria ya Michigan inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Asubuhi ya tarehe 15 milio husikika kutoka kila upande, karibu na mbali. Kwa mtoto aliyezaliwa Michigan ni sikukuu. Kwa mtu aliyekimbia vita vya Kivu au Ituri, mwili unaweza kujibu kabla akili haijafikiri: moyo kwenda mbio, jasho, kutaka kukimbia, au kuganda mahali pamoja. Mtoto anaweza kukojoa kitandani au kukataa kula bila kueleza kwa nini.

Usiku huo kaa naye. Mwambie kesho atasikia nini, nani anapiga, wanapiga nini, na kwamba milio itakoma giza likiingia. Mwambie anaruhusiwa kubaki ndani, na anaruhusiwa kusema turudi nyumbani. Mwambie pia kwamba atamwona mnyama amekufa, ananing'inia, anatolewa matumbo. Mtoto aliyewahi kuona mbuzi wa Idi au wa Krismasi akichinjwa huelewa upesi, ila asishtukizwe.

Na wewe mzazi, hesabu na mwili wako pia. Kama unajua huwezi kuvumilia milio hiyo, kuna njia ya katikati. Nendeni jioni ya kuamkia msimu, mle, mcheze karata, watoto waone moto na nyota, kisha mrudi kulala nyumbani kama si mbali. Mwenyeji ukimweleza sababu ataelewa, na hujamvunjia heshima.

KARATASI YA MLANGONI

Mkishatulia, andikeni kwenye karatasi moja: anwani kamili ya kambi au namba za mahali zinazoonyeshwa na simu, hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura, na sehemu gani ya kiwanja ina mtandao. Misitu ya kaskazini ina mabonde ambayo simu haishiki, na anayepiga 911 akilia hawezi kuanza kuuliza jina la barabara. Andikeni pia nani anakwenda upande gani asubuhi na anarudi saa ngapi.

Wazee wasisahaulike. Kuburuta mnyama mwenye uzito wa mtu mzima kwenye theluji, ukiwa umekaa mwaka mzima kwenye kiti, ni mzigo mkubwa kwa moyo. Maumivu ya kifua, mkono au taya, au kukosa pumzi, si ya kusubiri hadi mnyama afike kambini. Mwenye dawa za presha azinywe kama kawaida yake, na burutaneni kwa zamu.

Bandikeni karatasi hiyo mlangoni, juu ya vizibao. Kisha kabla ya taa kuzimwa, mzazi mmoja azunguke mara moja: kufuli la bunduki, jiko, kifaa cha gesi, watoto vitandani. Ni mzunguko wa dakika tano. Huyo huyo na aufanye kesho yake, na keshokutwa, hadi mtakapofunga mabegi.